Nyusi za Tió

Sabadell, 20 Oktoba 1983

Babu mpendwa,

Nakuandikia mbio mbio kwa sababu Mama ameenda sokoni na mdogo wangu Bernat amefungiwa bafuni. Usishtuke, amejifungia mwenyewe. Anasema yeye ni dubu na ameshalala mpaka baridi iishe.

Habari ya kwanza: mwaka huu muuza kastanya za kuchoma kwenye sherehe ya shule ya Watakatifu Wote ni mimi! Mimi, Babu! Mwalimu alitaka kumpa nafasi hiyo Neus wa darasa letu kwa sababu ana sauti kubwa, lakini nikasimama nikasema mimi nina shali ya marehemu bibi yangu, shali halisi, yenye matundu ya cheche za moto, na babu yangu ataniletea kastanya za mlimani, siyo hizi za dukani zenye funza. Darasa zima likapiga makofi. Kwa hiyo usiniangushe, tafadhali. Nataka mfuko mzima, na zile nono.

Habari ya pili si nzuri. Jana nilimsikia Mama akimwambia Baba, "Krismasi hii hatupandi mlimani. Jiko la mama bila mama, mimi siwezi." Baba akasema basi tutakula kwa mama yake, hapa hapa mjini. Kwa mama yake, Babu! Kule watoto wanakalishwa kwenye kochi lenye nailoni na hakuna hata jiko la kuni. Bernat alikuwa chini ya meza. Akachomoka: "Na Tió je? Atalishwa na nani?"

Baba akasema labda Tió aje mjini. Bernat akamwambia gogo lenye uso haliwezi kupanda basi, watu watalikalia. Tió wetu anatoka msituni kwenu kila Desemba, anakula maganda jikoni kwenu, na mkesha wa Krismasi anapigwa fimbo na kunya halua sebuleni kwenu. Hajui pengine. Mama akainuka akaanza kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

Kwa hiyo Babu, mambo yote yako mikononi mwako. Tió akiwepo, Mama hana pa kukimbilia. Bernat ameshaanza kuweka maganda ya machungwa chini ya kitanda, na chumba chetu sasa hakikaliki.

Mjukuu wako,
Queralt


Puigfosc, 27 Oktoba 1983

Queralt, mjukuu wangu mwenye kelele,

Mfuko wako anao Isidre wa basi. Nimemwambia akila hata kastanya moja nitajua, maana nimezihesabu. Sijazihesabu, lakini yeye hajui. Zichanje kwa kisu kabla ya kuzichoma, la sivyo zitamrukia mwalimu usoni. Ingawa kama ni yule wa hesabu, usizichanje.

Mwambie Bernat asiwe na wasiwasi, Tió atakuwepo. Ni kweli bibi yako ndiye aliyejua anatokea upande gani wa msitu, lakini mimi nami si mgeni huku. Niachieni.

Baridi imewahi sana mwaka huu. Kuni zote kuukuu za bandani nimeshazimaliza, nimefagia mpaka ukutani, banda linang'aa. Remei wangu, bibi yako, angeliona asingeamini kwamba ni mimi. Kuni mpya zinakuja wiki ijayo.

Tutaonana makaburini siku ya Watakatifu Wote. Mwambie mama yako asilete maua ya manjano. Bibi yako alikuwa hayapendi, tena anaweza kufufuka aje kuyatupa.

Babu yako,
Valentí


Sabadell, 4 Novemba 1983

Baba,

Tulifika salama. Watoto walilala njia nzima na gari bado linanuka moshi wa kastanya. Asante kwa viazi vitamu. Asante pia kwa kaburi, ulivyolisafisha Mama asingekuwa na la kusema, na hilo ni nadra. Ningekupigia, lakini simu ya dukani kwenu kila mtu anaisikiliza.

Nilikuona ulivyonitazama ulipovaa kofia kwenda kucheza karata kwa Isidre. Sijui ulitaka nikwambie nenda au baki. Ukaenda, kama kila mwaka. Mimi nikatembea mpaka mlango wa jiko, nikashika komeo, na hapo hapo nikageuka. Nilikaa garini mpaka uliporudi. Ndiyo maana hukukuta kahawa.

Kwa hiyo Krismasi njoo wewe huku. Mama mkwe ana kitanda cha wageni, ingawa atakuvulisha viatu mlangoni.

Shida ni Bernat. Anamlilia Tió mchana, anamwota usiku. Jana nilichoka, nikamwambia, "Haya, Babu akiandika kwamba Tió yupo, tutapanda." Nilisema hivyo kwa kuwa najua utaandika nini. Basi mwandikie ukweli, Baba, kwa upole. Atalia kidogo, yataisha.

Binti yako,
Mercè


Puigfosc, 9 Novemba 1983

Queralt,

Barua hii nimempa Isidre akukabidhi mkononi, nje ya shule. Usiisomee mezani. Mama yako asiione, na Bernat hata bahasha asiiguse.

Kwanza swali. Wewe bado unaamini kwamba Tió anatoka msituni kwa miguu yake mwenyewe? Kama unaamini, ishia hapa. Kunja karatasi, kacheze.

Bado unasoma? Nilijua.

Basi kaa chini. Nimemchoma.

Si kwa makusudi, naapa! Ile baridi ya ghafla mwezi uliopita, niliingia bandani nikazoa kila gogo lililokuwa pembeni chini ya magunia, nikalitia jikoni. Wala sikuangalia. Sasa mama yako anaandika kwamba nikisema Tió yupo, mtapanda. Nikasema hii ni kazi ndogo, nikaanza kumtafuta pale bibi yako alipomhifadhi. Nimepanda darini. Nimetoa nguo zote kabatini. Nimeingia chini ya kitanda nikanasa, ikabidi nimwite jirani, Cinta, aje anivute miguu. Hayupo!

Ndipo nikakumbuka. Nyuma kabisa ya lile banda palikuwa na gogo moja fupi, nene, lenye kitambi. Lilipoingia motoni lilitoa mlio. Nikakimbilia ndoo ya majivu, nikapekua kwa mikono, na unajua nimekuta nini? Misumari miwili. Gogo gani la kuni lina misumari? Ni ya miguu yake, Queralt. Bibi yako kamtunza miaka arobaini, mimi nimemmaliza kwa sufuria moja ya supu ya vitunguu.

Mama yako akijua, hatapanda, na sijui kama atanisamehe. Nami nitakaa Krismasi natazamana na bakuli langu. Nimekaa hivyo tangu tulipomzika bibi yako Machi, nimechoka nalo.

Nitakata gogo jingine. Lakini uso wake siukumbuki, Mungu anisamehe. Miaka yote mimi nilikuwa naangalia halua. Nisaidie.

Babu yako mharibifu,
Valentí


Sabadell, 14 Novemba 1983

Babu weee!

Nimeisoma chooni shuleni. Nimecheka, nimelia, nimecheka tena, mpaka Neus akagonga mlango akauliza kama nimeshikwa na tumbo.

Mimi najua tangu nikiwa na miaka saba! Nilimkuta Bibi anasukuma halua chini ya blanketi la Tió. Akanivuta pembeni, akanipa kipande kikubwa, akasema, "Sasa wewe ni mtu mzima. Lakini babu yako asijue kwamba unajua, atasikitika." Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa naruka na kupiga mayowe kwa ajili yako! Kila Krismasi koo linaniuma kwa ajili yako, Babu!

Sasa tufanye kazi. Macho ni meusi, ya duara, makubwa kama vifungo vya koti lako. Pua ni kijiti kifupi. Mdomo mwekundu, unacheka upande mmoja. Halafu nyusi. Nyusi ndiyo kila kitu. Moja iko chini, nyingine imepanda juu, kama mtu anayekwambia, "Ati nini?" Iliyopanda ni ya kushoto. Nina hakika. Karibu nina hakika. Kofia yake nyekundu iko kwenye kapu la sufi, nyuma ya cherehani, niliiona. Blanketi ni lile la mistari.

Tena umpige! Umpige kwa fimbo kabla hatujafika, apate makovu. Sisi tumemtandika miaka na miaka, akitokea na ngozi nyororo Mama atashtuka.

Mwandikie Mama kwamba yupo. Na Babu, nakuomba, andika kifupi. Wewe ukidanganya unaongea sana.

Tutapanda! Tutapanda! Nimeanza kufunga sanduku na Mama hajui.

Mshirika wako,
Queralt


Puigfosc, 18 Novemba 1983

Mercè,

Tió yupo. Yuko salama salimini, hajambo kabisa, wala hana baridi, hilo naweza kuapa mbele ya padri. Hajapungua, hajaongezeka. Yuko pale pale anapokaa siku zote, unapajua, kwa hiyo hakuna haja ya kupataja. Makovu yake anayo yote. Kofia anayo. Waambie watoto.

Jogoo wa supu ya Krismasi nimeshamwagiza, na yale makaroni makubwa kama konokono anayopenda Bernat. Magodoro yenu nimeyaanika. Hali ya hewa ni nzuri. Mbuzi wa Cinta amezaa. Padri ana mafua. Sina jingine, ila tu kwamba Tió yupo.

Baba yako,
Valentí


Sabadell, 24 Novemba 1983

Baba,

Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Yupo? Yupo wapi? Yupo vipi? Nani amekwambia yupo?

Unakula vizuri? Unalala? Nimemwomba Cinta kwa simu apite kukutazama, na usimfukuze. Nimemwuliza Queralt kama alikuona mzima siku ile makaburini, akacheka mpaka akapaliwa na mkate. Sielewi watu wa nyumba hii siku hizi.

Nilitoa ahadi mbele ya Bernat, na yule hasahau. Tutapanda tarehe 23. Lakini nakwambia mapema, Baba: jikoni siingii. Nitakaa sebuleni na watoto. Kupika mtapika wewe na Cinta, na supu ikiungua tutaila hivyo hivyo.

Huyo Tió, lakini, nataka nimwone kwa macho yangu.

Mercè


Puigfosc, 9 Desemba 1983

Queralt,

Barua ya hatari hii nayo, ipokee kwa Isidre, iite ya hesabu.

Jana ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria, siku ya Tió kutoka msituni, na katoka. Lakini mwanangu, kazi niliyoipata! Gogo nimelipata zuri, la msonobari, lina kitambi kama lile. Miguu miwili nimepiga misumari, ikawa mmoja mrefu, nikaukata, ukawa mfupi, nikakata wa pili, sasa amekaa kama anataka kulala. Uso ndio umenitoa jasho. Wa kwanza alitoka anafanana na padri. Nikakwangua. Wa pili alitoka analia. Nikakwangua. Wa tatu Cinta aliingia kuazima chumvi, akamwona, akajifanyia ishara ya msalaba, akatoka bila chumvi.

Huyu wa sasa si mbaya. Ukimtazama kwa mbali, tena kwa jicho moja, ni yeye. Nyusi ya kushoto nimeipandisha kama ulivyosema, ila mkono ulitikisika, imepanda mpaka karibu na kofia. Anaonekana kama mtu aliyekalia kitu cha moto.

Nimempiga fimbo asubuhi zote mbili. Isidre alipita dirishani akanikuta namtandika gogo peke yangu, nimevaa pajama, nikimwambia "shika hiyo, na hiyo." Sasa kijiji kizima kinanisalimia kwa upole.

Mimi naogopa, Queralt. Mama yako anataka kumwona kwa macho yake. Amenishtukia. Kama akiingia akageuka pale pale mlangoni na kuwarudisha garini, nitamwambia nini?

Babu


Sabadell, 16 Desemba 1983

Babu,

Hageuki! Akigeuka nitalala mbele ya gari!

Mama amenunua halua mbili, ya lozi na ya yai, amezificha kwenye mashine ya kufulia, Bernat amezikuta, sasa anaamini mashine ya kufulia ni dada yake Tió. Kila siku anaipa maganda. Juzi ilitoa mashati ya Baba yana mbegu za chungwa.

Zile bahasha nzito unazopata ni za Bernat, maganda ya kumlisha Tió. Tunajua zinavuja. Karani wa posta amemwita Mama na kumwuliza kwa heshima kama anaweza kuacha kutuma matunda yaliyooza kwa barua. Bernat anataka kuandika mwenyewe, nashika mkono wake:

TIÓ KULA YOTE. USIACHE LA NDIMU. USINYE KABLA SIJAFIKA. BERNAT

Sanduku langu limefungwa. La Bernat lina fimbo tatu na soksi moja. Kwenye misa ya jogoo, ile ya usiku wa manane ya Krismasi, nataka kukaa karibu na kwaya, na Mamajusi nimeshawaandikia kwa zawadi zao za Januari, nimewaomba viatu vya kuteleza barafuni na Mama aingie jikoni. Hivyo viwili tu.

Tumebakiza wiki moja, Babu, silali!

Queralt


Sabadell, 27 Desemba 1983

Babu, Babu, Babu,

Najua ulikuwepo, lakini lazima nikusimulie, la sivyo nitapasuka.

Tulipoingia, mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Mama kwa nguvu. Ulisimama mbele ya Tió kama kipa wa mpira! Mama akasema, "Baba, pisha." Ukapisha. Mama akamtazama. Akamtazama. Akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika, halafu akakimbia. Wewe ukasema, "Basi, nimekwisha." Nami nikasema, "Babu, amekimbilia wapi?"

Jikoni! Aliingia jikoni, Babu! Mlango ukajifunga pa!

Hatukujua analia au anacheka. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na alikuwa amevaa aproni ya Bibi. Akauliza nani amekata vitunguu vinene hivi kama vya farasi. Nilitaka kumrukia shingoni, lakini tulikuwa tunajifanya hatujui kitu.

Halafu mkesha! Tulipiga mara ya kwanza, tukaimba kwa nguvu zote, Bernat akainua blanketi, akakuta ndizi mbili na makaa. Uso wake! Mama akasema Tió ameona haya, twende tukasali kidogo na kupasha fimbo moto. Tukaenda wote chumbani, mimi, wewe, Bernat na Baba, tukasali mbio mbio. Tuliporudi tukapiga mara ya pili, akanya halua zote mbili, na filimbi ya Bernat, na soksi zako za sufi. Ndipo Bernat akaacha kila kitu, akamsogelea Tió pua kwa pua, akapiga ukelele: "Amekuwa yeye! Sasa amekuwa yeye mwenyewe!"

Nikamtazama vizuri. Nyusi zilikuwa zimebadilika. Ya kushoto imeshuka, ya kulia imepanda, vizuri kabisa, na rangi bado mbichi. Babu, wewe tulikuwa nawe chumbani. Ulizirekebisha lini?

Wako ambaye koo linamuuma kwa mayowe ya kweli mwaka huu,
Queralt


Sabadell, 28 Desemba 1983

Baba,

Queralt amenieleza yote leo asubuhi: banda, supu, majivu, misumari. Usimgombeze, nilimbana kwa halua.

Misumari ile ni ya uzio wa kuku ulioubomoa wewe mwenyewe kiangazi, ukarundika mbao zake bandani. Hukumchoma Tió, Baba. Mama ndiye aliyemchoma. Kila mwaka.

Kweli hukujua? Miaka arobaini? Usiku wa Wafalme, tarehe 5 Januari, wewe unapoongoza punda wa Mamajusi kijijini na mwenge wako, Mama alikuwa anamtia Tió jikoni. Ndivyo mama yake alivyofanya, na bibi yake. Mimi nilipewa kijiko nikamwage majivu kwenye kitalu cha vitunguu. Na siku ya Watakatifu Wote, ukishavaa kofia yako kwenda kwenye karata, tulifunga mlango wa jiko tukisema tunaviringisha vitufe vitamu vya lozi vya sikukuu. Juu ya meza palikuwa na gogo jipya. Mama alipaka macho na mdomo. Nyusi zilikuwa zangu, tangu nina miaka minne. Mwaka ule mkono wangu uliteleza, ya kulia ikapanda. Mwaka uliofuata nilitaka kuziweka sawa, Mama akanishika mkono: "Usithubutu. Ndivyo alivyo."

Januari mwaka huu alimchoma kama kawaida, huku anakohoa. Machi tukamzika. Kwa hiyo mimi nilijua kwamba hakuna Tió, nikadhani nawe unajua. Siku ile niliposhika komeo la jiko, nilijua kwamba ndani meza ni tupu. Hilo ndilo lililonishinda. Halafu baba yangu ananiandikia kwamba Tió yupo, hana baridi, na mbuzi wa Cinta amezaa! Nilidhani huzuni imekupanda kichwani. Nilikuja nimejiandaa kukuchukua nije nikae nawe huku.

Nikaingia nikamwona yule wako. Baba! Yale macho! Ule mguu! Na nyusi imepanda upande usio wake, imefika kwenye kofia. Nilicheka kama sijacheka tangu Machi. Nikasema moyoni, hapana, hawezi kukaa hivi, brashi iko wapi? Nikaenda kuichukua dirishani, ipo pale pale Mama anapoiweka, na nilipokwisha kuishika ndipo nikagundua kwamba nimeshaingia jikoni. Nyusi nilizirekebisha mkesha, mlipokuwa chumbani mnasali.

Ulitengeneza Tió kwa mikono yako ile inayotetemeka ili sisi tupande. Mama angekucheka mpaka mwaka mpya, halafu angekubusu.

Sasa unajua la kufanya usiku wa Wafalme. Bernat tutamwambia amerudi msituni.

Binti yako anayekupenda,
Mercè


Puigfosc, 8 Januari 1984

Mercè, mwanangu,

Miaka arobaini! Nilikuwa nalala kitanda kimoja na yule mwanamke, sikujua lolote. Kuna mwaka niliona Tió amekonda, nikamwuliza, akaniambia ni uzee, hata wewe umekonda. Nikaamini!

Punda wa Mamajusi mwaka huu ameongozwa na Isidre. Alimpeleka kwenye shimo la maji, mfalme mmoja ameloa mpaka taji. Mimi nilibaki nyumbani. Nilimvua Tió kofia, nikairudisha kwenye kapu, nikamtia jikoni, nikakaa naye mpaka mwisho. Nililia, sitakuficha, nikasingizia moshi ingawa hapakuwa na mtu wa kudanganywa. Lakini nilikuwa na furaha pia. Niliona nimekaa na Remei kwenye kazi yake aliyonificha maisha yote. Majivu nimemwaga kwenye vitunguu, na konzi moja nimempelekea kaburini. Nimemwambia nimemkamata.

Mwambie Queralt viatu vya kuteleza Mamajusi wameviacha huku kwangu kwa makosa, vinakuja na Isidre. Lile ombi lake jingine walilileta mapema.

Gogo la mwaka huu nimeshalikata, lina kitambi kizuri. Halikai bandani, bandani sijiamini. Liko juu ya meza ya jikoni linakauka. Halina uso. Brashi nimeiosha, nimeirudisha dirishani, na komeo la mlango nimeling'oa.

Siku ya Watakatifu Wote nitavaa kofia yangu, nitakwenda kwenye karata. Sitarudi mpaka mniite. Sijui kitu, sijaona kitu, na mkiniambia mlikuwa mnaviringisha vitufe vya lozi nitaamini. Ila nakuomba jambo moja: nyusi ya kulia ni yako, ile ya kushoto mpe Queralt.

Baba yako,
Valentí